Shingo za Karambi na Chumvi ya Mke Wangu

Treni ilipoanza kufika Kasese, mimi nilikuwa bado sijaota ndevu. Baba alinichukua kwa miguu twende tukaione, pamoja na jirani yetu mmoja mwenye mdomo. Mimi nakumbuka moshi tu, na njaa. Lakini yule jirani alirudi akitangaza kwamba treni ina mabehewa mengi kuliko nyumba zote za kilima chetu. Baba akamwambia, "Wewe, ile treni ilikuwa inakwenda mbele na kurudi nyuma. Ulikuwa unahesabu behewa lile lile!" Wakanuniana mpaka mavuno. Sijui kwa nini naanzia huko. Labda kwa sababu yule jirani baadaye akawa baba mkwe wangu, na binti yake ndiye aliyeuza chumvi katika soko la Bwera, na habari yenyewe ni ya chumvi.

Chumvi yake ilitoka ziwani Katwe, ile ya kijivu yenye mabonge. Mimi shamba langu lilikuwa la mawe, kwa hiyo nyumba ilikula kwa chumvi hiyo na watoto walivaa kwa chumvi hiyo.

Basi, miaka ile baada ya uhuru wakaja watu wa kuchunguza rovu, ule uvimbe wa shingoni unaowapata sana watu wetu wa milimani. Wa kwanza walikaa Karambi. Waliwatazama watu kwa macho, wenyewe wamekaa nyuma ya meza, wakasema wanaokula chumvi ya ziwa ndio wenye rovu. Wa pili walikaa Nyakiyumbu. Hao walipapasa shingo kwa vidole, wakasema hakuna tofauti. Wa tatu walikuja hapa Bwera, wakawanywesha watu maji na kuangalia koo likimeza, wakasema hata wa chumvi ya pakiti wanalo, tena zaidi. Lakini watu sokoni walishika neno la kwanza tu. Wakawa wanampita mke wangu kama anauza ukoma. Mwenye duka la chumvi ya pakiti alikuwa akipita anajifunika shingo kwa kanzu. "Shemeji, usinitazame, nitavimba!" Watu wanacheka. Mke wangu hakucheka.

Hapo ndipo akaingia daktari. Alikuwa Mkongomani wa mbali, kupita Butembo, aliyekimbia vita kwao, akapata kazi kwenye zahanati. Mtu mpole, kila Jumapili yuko misani. Alikuwa na karatasi za wale wote watatu, na alinunua chumvi kwetu bila woga. Akamwambia mke wangu kupitia kinywa changu, "Mama, kila moja peke yake iko kidogo. Watu kidogo, ukweli kidogo. Miye nitazipanga pamoja zote tatu, zitasema kwa nguvu. Tutajua kama ni chumvi ao hapana."

Mke wangu alichinja kuku siku hiyo. Akanitoa mimi niwe mkalimani wake, maana daktari hakujua Lhukonzo, lugha yetu, na mimi Kiswahili nilikiokota kwenye mgodi wa shaba pamoja na matusi yake.

Tukaanza Karambi kuwauliza wale waliopimwa. Mtu wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye rovu kubwa, mcheshi. Alipotuona akapiga makofi. "Tena? Shingo yangu mmeishika mpaka imezoea!"

Daktari akauliza ilishikwa wapi. Akasema hapa Karambi, na Nyakiyumbu, na Bwera. Kwa nini kote? "Walikuwa wanatoa sabuni," akasema, kama anamweleza mjinga. Wenzake wote nyuma wakaitikia. Walikuwa wameifuata sabuni milima yote, na kila mahali wametaja jina jingine, wasije wakanyimwa.

Nikaona daktari anakuna kichwa. Akauliza, "Na chumvi, mama? Unakulaka gani?"

"Wewe unataka ipi?"

"Ile unakula!"

"Karambi nilisema ya ziwa. Bwera walikuwa wamevaa vizuri, nikaona aibu, nikasema ya pakiti."

Ilikuwa hivyo Karambi, ikawa hivyo Nyakiyumbu. Njia nzima ya kurudi daktari alinung'unika. Huyu katazama, huyu kapapasa, huyu kanywesha maji, anaunganishaje? Na kama shingo ni ile ile, imesema mara tatu kama watu watatu. Angeitoaje kwenye hesabu, na jina si lake? Nikamwambia, "Daktari, wewe sema tu si chumvi." Akanitazama kama nimemtemea mate. "Papa, siwezi kusema kitu sijue." Nilikasirika. Ukweli wake ulikuwa safi sana, lakini watoto wangu hawali ukweli.

Siku ya soko mke wangu hakungoja. Alimwona daktari anapita, akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya magunia. Akasema kwa Lhukonzo, na mimi nikatafsiri kwa sauti soko lote lisikie: "Waambie. Ni chumvi yangu, au si chumvi yangu?"

Wanawake wakasogea. Mwenye duka akatoka mlangoni.

Daktari akasema, "Mama, sijue."

Nilitafsiri. Ningefanyaje? Mwenye duka akapiga mluzi. Mke wangu akasema pole pole, "Wale watatu kila mmoja alijua. Wewe uliyewakusanya wote ndiye hujui?"

Hilo nalo nikatafsiri. Daktari akainama. Akachota chumvi kidogo gunini, akaiangalia kiganjani, akairudisha. Halafu akageuka, akapita katikati ya watu, akashika njia ya mpakani.

"Amesema nini?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia bado hajasema, labda anarudi. Tulisimama pale mpaka soko likavunjika. Hakurudi siku ile, wala siku nyingine yoyote.