Siku Nilipokunywa Chai na Meno ya Nta

Sipendi kuisimulia habari hii, na laiti watu wa Myanga wangekuwa na staha ya kutunza siri za wageni wao, ningekufa nayo kimya kimya. Lakini nimekwisha kuisikia ikisimuliwa mbele yangu, katika matanga ya mtu nisiyemjua vizuri, na msimuliaji (ambaye hakuwapo) akaapa kwamba meno yangu yaliruka yakamwuma mama wa bibi harusi kidoleni. Huo ni uzushi. Meno yangu hayakumwuma mtu. Yaliangukia ndani ya kikombe cha chai, kikombe changu mwenyewe, na ikiwa ni lazima niaibike, basi na niaibike kwa jambo lililotokea, si kwa porojo.

Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nami nimestaafu ukaguzi wa shule, ninaishi Saboti na mahindi yangu. Meno ya juu yalikuwa yamelegea moja baada ya jingine, hata daktari wa meno hospitalini akayang'oa yaliyosalia, kisha akaniambia kwamba kazi yake imeishia hapo na sasa niende kwa fundi wa meno ya bandia, kwa kuwa daktari hutibu na kung'oa, lakini anayekipima kinywa kitupu na kukijenga upya, anayejua jino la mbele liiname kiasi gani ili mtu atamke maneno yake sawasawa na kutafuna bila kujiuma, ni huyo fundi. (Sikumwamini mara moja. Nilimwuliza daktari mwingine, akasema vivyo hivyo, ndipo nikaenda.)

Fundi wangu aliitwa Jaswant, Singasinga mwenye kilemba cha buluu na majigambo yasiyo na kiasi, aliyefanyia kazi chumba cha nyuma katika duka la nguo la kaka yake mjini Kitale. "Nusu ya wakubwa wa hapa wanacheka na kazi yangu, mzee," aliniambia siku ya kwanza, "lakini majina sikuambii, hata ukinipatia ng'ombe." Kisha akakitazama kinywa changu na kukataa kunipima. Alisema ufizi bado unashuka, na kwamba akipima siku hiyo, meno yatakuja kucheza kinywani kama kiatu cha kuazima. Basi nikarudi Saboti nikanywa uji, nikanywa uji, nikanywa uji, majira yakapita, na mtu aliyezoea kuwakemea walimu wakuu kwa sauti ya kusikika hadi uwanjani akawa anamung'unya maneno kama mtoto mwenye peremende.

Uji ningeuvumilia. Lililoninyima utulivu ni Wanjala. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mwenyewe, aliyekuwa sasa akiishi Kitale, na alikuwa amempata msichana wa Myanga aitwaye Nekesa, mwenye adabu na akili, ambaye watu wake walikuwa tayari kutusikiliza. Na kwa kuwa baba yake Wanjala hayupo, msemaji wa kwenda kumwombea mke nilikuwa mimi, mimi na hicho kinywa changu. Nilimsihi Jaswant afanye haraka. Hatimaye akanipima kwa plasta laini iliyogandia kinywani, akanipima tena namna taya zinavyokutana, akaniambia nirudi Jumamosi. Nami nilifurahi, kwa sababu safari ya Myanga tuliipanga wiki mbili mbele.

Ijumaa zikaja habari kutoka Myanga kwamba mjomba mmoja wa Nekesa, ambaye pasipo yeye hakuna linaloamuliwa, atasafiri, hivyo tufike kesho yake, la sivyo tungoje hadi atakaporudi, na hakuna ajuaye atarudi lini. Usiku huo nililala nikigeuka kama chapati.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa kwa Jaswant kabla duka halijafunguliwa, ninatembea barazani huku na huku. Alinikalisha kitini, akanipachika meno, akanipa kioo. Mabwana, nilijiona! Mashavu yaliyokuwa yamezama yalisimama, mdomo ukapata ukingo, nikawa yule mkaguzi wa zamani.

"Sema sitini na sita," akaniamuru.

"Sitini na sita."

"Tena."

"Sitini na sita." Ilitoka safi kama kengele.

"Unaona? Hiyo 'sa' yako imerudi. Lakini sikiliza, mzee. Hii ni nta. Meno ni ya kweli, lakini yanashikwa na nta tu, nione kama nimeyapanga vizuri. Si meno bado, ni picha ya meno. Ukiyakubali, natoa nta, naweka plastiki, napika, nasugua, wiki ijayo unatafuna mahindi choma. Kaa hapo, uongee peke yako kidogo, nakuja."

Akaingia ndani kutafuta kitu. Nami nikakaa, nikaongea peke yangu kama nilivyoagizwa, nikaisema hotuba yangu yote ya Myanga mbele ya kioo, na kila neno likatua mahali pake. Wakati huohuo nikasikia honi nje. Alikuwa Wanjala na gari la kuazima, pikapu, pamoja na binamu yangu Makokha tuliyemchagua atusindikize.

Hapa ndipo ningepaswa kuuvua ule mtambo na kuuacha mezani. Badala yake nilijiuliza: nta ni kitu gani? Si ndiyo inayofunga barua za serikali na kushikilia masega ya asali mzingani mwaka mzima? Nikajiambia kwamba mafundi wote hupenda kukitukuza kitu chao, kwamba nitayarudisha Jumatatu yakiwa mazima, na kwamba kuwaendea wakwe nikiwa na ufizi mtupu ni kumtia Wanjala hasarani. Nikamwambia mke wa kaka yake Jaswant pale kaunta, "Mwambie fundi nimeyakubali," nikatoka, nikapanda gari.

Tulipoanza kwenda nilimwona Jaswant katika kioo cha pembeni, amesimama katikati ya barabara na aproni yake yenye plasta, akipunga mikono yote miwili juu ya kilemba. Nilimpungia nami. Nilijilazimisha kuamini kuwa ananiaga.

"Baba, huyo Singh anasema nini?" Wanjala akauliza.

"Anatutakia safari njema. Endesha."

Njia nzima sikutulia. Jua lilikuwa upande wangu, kinywani mlikuwa na harufu ya mshumaa, na ulimi wangu, ambao haujawahi kunitii, ulikuwa ukienda kwenye jino la mbele kila mara kulikagua. Makokha aliponiambia kwamba ameambiwa watu wa Myanga wana maswali magumu, nilimkemea: "Umeambiwa na nani? Alikuwapo?" Tukaupita mji wa Bungoma, tukakata kuelekea Myanga, na moyo wangu ukawa unadunda kama wa mwalimu anayengoja mkaguzi.

Walitupokea vizuri. Wanaume tuliketi sebuleni, mjomba mwenyewe kwenye kiti cha pembeni, mama wa Nekesa na wanawake wengine nyuma ya pazia, kwa kuwa mama mkwe haonekani ovyo mbele ya watu wa upande wa kijana. Ni shangazi tu, Senge Nasimiyu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya dume, aliyeketi nasi ili aulize yale ambayo wanaume huona haya kuuliza. Nikasimama nikasema hotuba. Sijawahi kusema vile tangu nizaliwe. Niliona vichwa vikitikisika, nikamwona Wanjala akilegeza mabega, na nilipoketi Makokha akanong'ona, "Imeenda hiyo."

Ndipo ikaja chai.

Ninyi mnaijua chai yetu: ya maziwa matupu, imechemka hata ikapanda mara mbili, katika kikombe kikubwa cha bati kinachounguza mkono. Nanyi mnajua kwamba kwa wakwe msemaji hunywa kwanza, wenzake wakimtazama, na kwamba kuiacha chai ya nyumba uliyoendea mke ni kusema mke mwenyewe amekushinda. Niliipuliza kwa muda ambao adabu inaruhusu. Nikanywa. Nikanywa tena. Funda la tatu nilihisi jino la mbele likiinama taratibu kuelekea ndani, kama mtu anayesinzia kanisani.

Nikalisukuma kwa ulimi. Likaelekea nje. Nikalirudisha kwa mdomo, na jirani yake akalegea, na sehemu iliyokuwa imeshika kaakaa ikaanza kuwa laini kama sima ya moto, nami nikawa ninatabasamu bila sababu huku jasho likinitoka, maana nilikuwa nimegundua kwamba nikitabasamu kwa nguvu meno yanashikamana.

Senge Nasimiyu akachagua wakati huo.

"Mzee, umeongea vizuri, hata sisi tumefurahi. Lakini si tumesikia kijana wenu yuko na bibi mwingine huko Kitale? Ati wanaishi nyumba moja. Tumesikia."

Tumesikia! Mabwana, neno hilo limenitesa maisha yangu yote ya kazi. Ningeweza kumwacha Makokha ajibu. Lakini nilisimama, nikainua kidole, nikanguruma: "Sisi hatukuja hapa kwa uvumi! Katika ukoo wetu hakuna kilichofichwa! Mnachokiona mbele yenu ndicho..."

Ting!

Jino la kwanza likagonga ukingo wa kikombe nilichokuwa nimekishika. La pili likaingia chaini kwa adabu. Kisha sehemu yote iliyobaki ikaning'inia mdomoni kama ulimi wa pili, wa waridi, wenye meno.

Pazia likapasuka kwa mayowe. "Uwi! Mgeni anabomoka!" akalia bibi mmoja. Mwingine akaanza kuomba kwa jina la Bwana. Mjomba alisimama juu ya kiti chake (hilo nalo wanalikana, lakini nililiona kwa macho yangu).

Senge Nasimiyu hakuondoka. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. "Ukoo usioficha kitu," alisema polepole. "Sasa kama meno ni ya uongo, huyo bibi wa Kitale tumuulize nani?"

Hakuna aliyecheka. Baba yake Nekesa akakohoa akasema pengine jambo hili liahirishwe mpaka mjomba atakaporudi safari. Nilijua maana yake. Kila mtu sebuleni alijua maana yake. Makokha akanivuta koti: "Twende, bana. Heshima imeisha hapa." Nikamtazama Wanjala. Alikuwa ameinamisha uso, mikono katikati ya magoti, vilevile alivyoketi siku tuliyomzika baba yake.

Nikautoa ule uchafu wote kinywani, nikauweka juu ya sahani mbele ya watu, nikafuta mdomo, nikasimama tena.

"Fifi," nikaanza, "hatufifi kitu."

Mtu akaguna kicheko nyuma ya pazia. Niliendelea. Nikawaambia, kwa ufizi, mate yakirukaruka na kila 'sa' ikifa njiani, kwamba uvumi huo na mimi nilikuwa nimeusikia, na kwamba sikuuamini wala sikuukataa; nilikwenda Kitale mwenyewe bila kumwarifu kijana, nikawauliza majirani wa kulia na wa kushoto, nikaingia ndani, nikamkuta msichana ambaye ni binti wa mjomba wake Wanjala, amekuja mjini kujifunza ushonaji, analala chumba chake na cherehani yake. Nikawapa jina lake na la mama yake. Nikasema anayetaka aende leo, gari liko nje.

Halafu Senge Nasimiyu akapiga makofi mara moja.

"Huyu sasa ndiye mzee," akasema. "Yule mwingine alikuwa anaongea kama redio, mimi nilikuwa naogopa. Huyu namsikia." Akamgeukia kaka yake. "Mpeni msichana. Lakini utatuletea kondoo, mzee. Umejivua mbele ya wakwe."

"Hiyo ni defturi ya wapi?" nikauliza.

"Ya leo."

Ndipo nyumba nzima ikacheka, hata pazia likatikisika, na Wanjala akainua uso.

Jumatatu nilimpelekea Jaswant meno yake yakiwa yamefungwa katika leso. Aliifungua, akayanusa. "Mzee, umekunywa chai na picha!" Nikangoja matusi zaidi, nayo yakaja, marefu na ya haki, kwa kuwa ilimbidi apime upya na kulipanga kila jino kwa mkono wake tena, lakini katikati ya hasira akaanza kucheka hata kilemba kikalegea. "Unajua mimi natoa nta na nini? Maji moto! Namwaga maji moto, nta inatoka yote, halafu plastiki inaingia. Wewe umeanza kunifanyia kazi kwa wakwe."

Aliyonitengenezea baadaye ningali nayo, na yangetafuna msumari. Nami niliweka nadhiri ambayo sijaivunja: sivai, sibebi wala siendeshi kitu ambacho fundi hajakiachilia kwa kinywa chake, na hata fundi cherehani akiniambia shati liko tayari, mimi humwuliza tena kama ana hakika. Wenye kunicheka na wacheke. Lakini adhabu yangu ya kweli iko kwa Wanjala, ambaye nikimtembelea, mkewe Nekesa huipoza chai yangu kwa kuimimina kutoka kikombe hiki hadi kile, mbele ya wageni wote, kisha huniletea kwa mikono miwili, amepiga magoti. "Nimeipoza, baba," husema kwa heshima kubwa. Nami huinywa baridi, yote.