Sahani ya Mgeni, Mbuba

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya maini ya watu. Miaka ile ya wakimbizi, wodini kwetu waliletwa wagonjwa wa saratani ya ini kutoka vijijini, na daktari wetu alishuku ukungu wa mahindi na karanga, sumu ambayo siku hizi tunaiita sumukuvu. Kushuku hakutoshi. Ilibidi mtu aende akapime wanachokula, na mimi, afisa lishe, nikafunga safari na mizani ya jikoni na chupa za sampuli.

Biharamulo nilishuka kwenye gari nimechoka hoi. Katika kata ya Nyamahanga, familia ya kwanza ilinielewa upesi: mama anapakua sahani mbili zinazofanana, moja anakula mwenyewe, ya pili naipima na kuipeleka maabara.

"Umetoka Mwanza yote kuja kuchukua ugali wetu?" baba mwenye nyumba alinitania.

"Kidogo tu, baba."

Walinipa ugali, kisha wakaniongezea kuku mzima wa kuondoka naye.

Kutoka Lusahunga barabara ilijaa malori ya chakula cha msaada. Baada ya kona moja nikaona kilima kimefunikwa na maturubai ya bluu ya wakimbizi, na nyuma yake kilima kingine, na kingine tena. Moshi wa meko ulilififisha jua. Nilipigwa na bumbuwazi. Sikuwahi kuona watu wengi kiasi kile, na kila mmoja wao siku ile alihitaji kula. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Mbuba, wilayani Ngara, nilifikia kwa Mama Deo, mjane mwenye watoto watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilipomweleza kazi yangu aliweka ungo chini. Mumewe alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, tumbo limevimba, macho ya manjano.

"Basi pima vizuri," aliniambia. "Nataka kujua kama ni chakula changu kilichomuua."

Jioni alipakua. Ugali wangu ulikuwa mweupe, wake na wa watoto ulikuwa wa kijivu.

"Mama, niliomba sahani inayofanana na yako."

"Hii yetu ni ya mahindi yaliyonyeshewa. Mwaka huu wa njaa hatutupi kitu; yaliyoharibika nayachambua, nayasaga peke yake. Mgeni hapewi hayo."

"Hata nikiomba?"

"Nitakutazamaje usoni?"

Nilibishana naye mpaka nikashindwa. Asubuhi niliomba jembe, nikapalilia naye maharage, nikachota maji, nikasugua masufuria. Mchana akanipakulia ule wa kijivu, maana sasa sikuwa mgeni tena. Nilijaza chupa yangu, na uliobaki nikala pamoja nao. Ulikuwa na uchungu kidogo.

Bugarama, karibu na mpaka wa Burundi, nilijua la kufanya: jembe kwanza, mizani baadaye.

Majibu yalitoka mvua zilipokatika. Nilirudi Mbuba mwenyewe, maana habari ile sikutaka aisikie kwa mtu mwingine. Nilimkuta anapepeta.

"Sahani ya mgeni ni safi, mama. Ile ya kijivu ina sumu inayoharibu ini."

Mikono yake ilisimama. "Mume wangu hakula ya kijivu hata siku moja. Nilimpikia kama ninavyompikia mgeni."

"Basi si chakula chako. Kilichomuua sikijui, lakini si hicho."

Alijifunika uso kwa kanga akalia, na katikati ya kilio nikamsikia akimshukuru Mungu. Nilitamani nimwachie faraja ile hata mpaka kesho. Sikuweza, maana watoto walikuwa wanaingia kutoka shule, na wana njaa.

"Mama," nikasema, "sasa tuwaangalie hawa. Na wewe."

Alijifuta uso. Kisha akaingia ndani, akatoka na debe la mahindi mabovu. Tulichimba shimo nyuma ya migomba tukayafukia yote, hata kuku hawakupewa. Kwa mwaka wa njaa kama ule, nilimwona mkubwa kuliko vile vilima vyote vya maturubai.

Tangu hapo, nyumba yoyote ninayoingia nauliza kwanza anayekula mwisho anakula nini. Jioni ile Mama Deo alipika yale mazuri peke yake, akagawa. Katika safari zangu zote Ngara sikuwahi kupewa sahani ndogo kama ile, na ilifanana kabisa na ya kwake.