Nyimbo Thelathini na Mbili Nyuma ya Skrini Nyeusi

Mwalimu wetu wa kwaya alipoanza kuona kwa shida, alinikabidhi madaftari yake ya nyimbo nizichape kwenye kompyuta yangu ya nyumbani. Kazi ilinichukua miezi saba: nyimbo thelathini na mbili alizotunga mwenyewe, kila moja na sauti zake nne, zimeandikwa kwa do, re, mi. Nilipomaliza nilihakiki kila mstari, kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo naona aibu kulisimulia. Mchwa walikuwa wameyala madaftari pembeni, mwalimu akasema hayana kazi tena, nami nikayawashia moto jikoni.

Alhamisi moja, siku tatu kabla ya kwenda kuimba kwenye tamasha la kwaya Bomang'ombe, niliiruhusu kompyuta ijiwekee programu mpya ya kuendesha skrini. Ikajizima, ikajiwasha, nikaandika neno la siri. Skrini ikawa nyeusi. Kilichobaki ni kishale tu.

Wifi yangu, anayeimba sauti ya kwanza na ambaye hakuwahi kuiamini ile mashine, alikuwa amekuja kuchukua maziwa. Akachungulia.

"Yelewi! Wifi, imekufa?"

"Haijafa. Imewaka."

"Imewaka giza? Basi Jumapili tutapiga mluzi."

Sikucheka. Nakala za wanakwaya zilikuwa zichapishwe kesho yake. Mwalimu aliweza kuutambua wimbo wake akiusikia, lakini kuzitaja sauti nne moja moja hakuweza tena. Zikipotea humo, zimepotea kwetu Masama nzima.

Nilimpigia simu fundi.

"Lete, mama, tuifomati. Nusu saa tu."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo vinaondoka, mama. Unaanza upya."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaanza kusoma kwenye hiyo hiyo simu. Nikakuta kwamba kompyuta inaweza kuwashwa na vile vya lazima tu, bila nyongeza yoyote, ili mwenyewe aingie na kutafuta kilichoiharibu. Wazo hilo nililielewa mara moja, maana ndivyo ninavyofanya zizini. Ng'ombe akiharisha, naondoa mashudu na pumba, namwachia majani na maji. Akitulia, narudisha kimoja kimoja mpaka mkosaji ajulikane.

Niliandika hatua kwenye karatasi. Nikabana kitufe mpaka ikazima, nikaiwasha, nembo ilipotokea nikaizima tena. Mara ya tatu ikaleta skrini ya bluu yenye orodha ya matengenezo. Nikaifuata orodha hiyo, kidole kikiwa kwenye karatasi yangu, hadi ikanitaka nibonyeze namba. Nikabonyeza nne, ya kuwasha vile vya lazima tu, kisha nikaandika neno la siri.

Wifi alikuwa bado amesimama, dumu la maziwa mkononi.

Skrini ikafunguka. Herufi zilikuwa kubwa na mbaya, picha ya migomba yangu haipo, na kila kona imeandikwa kwamba hii ni hali salama. Sijapata kuona sura mbaya iliyonifurahisha namna ile. Kabla ya kugusa kingine chochote, nilinakili nyimbo kwenye flashi, nikazihesabu. Thelathini na mbili. Ndipo nikaiondoa ile programu mpya, nikarudisha ya zamani, nikaiwasha kwa kawaida. Migomba yangu ikarudi.

"Wifi," nikasema, "mluzi uahirishe."

"Kumbe fundi tunaye humu humu ndani!"

Ijumaa jioni, kwenye mazoezi, mwalimu alikaa kitini amefumba macho. Katikati ya wimbo wa tatu akainua mkono.

"Sauti ya pili! Hapo ni mi. Nani ameandika fa?"

"Mimi, mwalimu."

"Sahihisha."

Kwaya ilishangaa kuniona nachekelea kosa langu. Ni wifi tu aliyejua kwa nini: jana yake nusura kusiwe na wimbo wa kusahihisha. Nilisahihisha kwenye karatasi, na nilipofika nyumbani nikasahihisha kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi.

Jumapili, mbele ya kwaya zote, tuliimba mi.