Bei ya Wifi

Nilianza kumwonea wifi yangu wivu kabla hata ya mikate. Nilianza siku mama mkwe alipofungua sanduku lake, akatoa hereni za dhahabu, akampa yeye kwa kuwa ni binti yake. Mimi, mke wa mwanawe, akanipa nasaha. Nasaha haivaliwi masikioni.

Kisha wifi akajenga tanuri la mikate ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na wangu. Mimi nilikuwa nimeoka pale miaka tisa. Sisemi aliniiga. Nasema tu kwamba hata kibao chake alikipaka rangi ileile.

Tukauza bei moja, tukavumiliana, mpaka vitu vikaanza kupanda. Dizeli ilipanda, mwenye kinu akapandisha unga. Kuni zikafuata, maana nazo huja kwa lori. Mafuta, hamira, hata karatasi za kufungia. Mkate hauwezi kubaki chini wakati kila kilichomo ndani yake kimepanda, nikajiambia, nikaongeza bei kidogo. Wifi hakuongeza.

Asubuhi hiyo wateja walisoma bei mlangoni kwangu, wakavuka barabara. Hata fundi viatu, jirani tunayepakana naye ukuta, alivuka akijifanya hanioni. Jioni mume wangu akaniuliza kwa upole, "Kwani dada yeye anawezaje?"

Hilo "anawezaje" niliamka nalo. Nikanunua mkate wa wifi, nikaupima, nikiomba Mungu niukute umepunguzwa. Ulikuwa sawasawa na wangu. Basi anapata unga rahisi mahali, nikasema, na amenificha. Kesho yake nikarudisha bei ya zamani, na liwe liwalo.

Miezi mitatu niliuza kwa hasara huku nikitabasamu. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: fundi viatu alinenepa. Kila nikichungulia ng'ambo, wifi naye anatabasamu, na siku hizi amejifunga kilemba hadi chini ya masikio, madaha matupu.

Kitu nilichokipenda pale kazini ni mashine ya kukandia. Niliinunua baada ya kukanda kwa mikono mpaka viganja vikaota sugu. Siku niliposhindwa kupata unga wa kesho, niliiuza. Walioinunua walipomaliza kuipakia, nilivuka barabara na aproni yangu. Nilitaka aniambie unga anaupata wapi, ili nikifunga duka nifunge nikijua.

Nilimkuta anavuta trei. Joto lilimzidi, akavua kilemba ajipanguse jasho. Masikio yake yalikuwa matupu.

"Wifi, hereni ziko wapi?"

"Zimekwenda na unga. Moja mwezi uliopita, nyingine juzi."

"Si ungepandisha bei?"

"Nipandishe vipi na wewe umeshusha? Mwanzo nilikuwa na magunia manne niliyonunua kabla unga haujapanda. Nikapanga yakiisha na mimi nipandishe. Wiki ileile ukashusha." Akanitazama kwa jicho ambalo nalijua, maana ndilo langu. "Nikajua umepata unga rahisi, umenificha. Nikasema, huyu hanishindi."

Magunia manne. Ningengoja wiki moja tu, mashine yangu ingekuwa pale ilipokuwa. Na hereni zile, ambazo miaka yote niliziombea zitoke masikioni mwake, zilikuwa zimetoka, na sikuona raha yoyote. Tulikaa juu ya gunia tupu, tukalia kidogo, tukacheka kidogo.

Asubuhi iliyofuata tulipandisha bei pamoja. Fundi viatu akasoma kibao changu, akageuka akasoma cha wifi, akakosa pa kuvukia.

"Haya," akasema akilipa. "Basi na kushona viatu kumepanda kuanzia leo. Na mimi nakula mkate."

Nikarudi kukanda kwa mikono. Nilipoinua macho, wifi alikuwa na wateja wanne, mimi watatu. Moyo wangu hauna haya. Ukahesabu tena.