Mzigo wa Kwenda Muyinga

Mwanangu, kabla hujaukalia huo mfuko ili zipu ifunge, njoo ukae hapa kidogo. Tangu asubuhi nakuona unajaza na kutoa, na kesho unakwenda Muyinga kutafuta wateja wa nguo zako. Kuna asubuhi moja ya usichana wangu, hapahapa Nyamugari, Gitega, hunirudia kila nikimwona mtu anafunga mizigo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa najifunza kushona kwa mama mkubwa Hadija, dada yake mama yangu. Gitega nzima ilimjua kwa mkono wake, na kwa ulimi wake pia, maana kusifu hakukuwa desturi yake. Siku hizo nilikuwa nimemaliza gauni langu la kwanza, la manjano, nimelikata na kulishona peke yangu. Alilichukua, akaligeuza ndani nje, akasema pindo limelala upande. Akanirudishia. Nilikwenda kulia uani, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ndipo tukaitwa Muyinga. Familia moja ya wafanyabiashara ilikuwa inamwoza binti, na harusi ilikuwa Ijumaa. Binti alikuwa ameshawekwa ndani, hatoki, kwa hiyo fundi ndiye alitakiwa kumfuata, ampime na kumshonea palepale. Satini nyeupe tuliinunua hapa Gitega, na kule hapakuwa na nyingine ya kuibadili. Ikiingia tope, au sisi tukichelewa, binti wa watu angetoka mbele ya wageni na nguo ya kuazima. Hebu fikiria aibu hiyo, kwake na kwetu.

Mimi nikafunga mzigo wangu kwa furaha. Niliweka gauni la manjano, viatu vya kisigino, mto wangu, sufuria, na juu ya yote pasi ya makaa. Pasi ya chuma, mwanangu! Mama mkubwa alikuja akamwaga kila kitu mkekani.

"Hii pasi, kule kwenye tunaenda hawana moto?" aliniuliza. "Meza iko, pasi iko, makaa iko. Mi nilishauliza."

Kweli alikuwa ameuliza. Alimtuma dereva wa lori awaulize wenyeji wana nini nyumbani, na alichoambiwa kipo hakukigusa tena. Kisha akaanza kufunga, na mimi nikasimama nikitazama. Satini hakuikunja, aliiviringisha taratibu ili isipate mikunjo, akaifunika kwa shuka, halafu kwa kipande cha turubai. Vifungo na nyuzi viliingia ndani ya kikombe cha chai, na kikombe kikazibwa kwa leso. Sindano alizichoma ndani ya ukosi wa koti lake. Futi na chaki aliviweka mfukoni, kwa sababu ndivyo vingetakiwa kwanza. Cherehani yetu ya mkono aliifunga mwenyewe chumbani, akaitoa imezungushiwa blanketi ambalo tungelala nalo. Kabla hajaifunga nilikuwa nimeona gauni langu amelitupa kitandani, nikajua linabaki. Moyo uliniuma.

Nilidhani tumemaliza. Akanitwika furushi langu kichwani, akaniambia nizunguke nyumba. Majirani walikuwa wanafagia, wakaanza kucheka.

"Kama nyumba inakushinda, Muyinga utafika namna gani?" alisema, naye akajitwika cherehani akanifuata nyuma. Tulizunguka wawili, tumenyooka shingo, watu wanatucheka, na yeye hata hajali. Nilimwonea haya asubuhi ile. Leo ninapomkumbuka na cherehani yake kichwani, namwona malkia.

Tulipanda lori la maharage. Tulipokwisha kupita Karuzi mvua ikashuka, na kwenye kilima kimoja karibu na Muyinga magurudumu yakazama. Dereva alisema labda kesho. Abiria wengine walikuwa na masanduku ya bati ambayo wanaume wawili hawayanyanyui, wakakaa pembeni kuyalinda. Mama mkubwa alishuka, akavua viatu, akasema mizigo yetu inabebeka. Tukaenda kwa miguu, tope hadi kwenye vifundo, na kila nilipochoka nilikumbuka ile pasi nikamshukuru kimoyomoyo.

Tulifika jua linazama. Mimi bado naosha miguu, yeye ameshatoa futi mfukoni anampima bibi harusi. Turubai lilipofunguliwa, satini ilikuwa kavu, nyeupe vilevile. Kisha akafungua blanketi la cherehani, na ndani ya blanketi nikaona manjano. Lilikuwa gauni langu. Alikuwa ameivisha cherehani, mikono ya gauni ameifunga kwenye mpini, ili chuma kisigongwe njiani.

Akaendelea kutunga uzi sindanoni, hakunitazama.

"Pindo nilikwambia, si nilikwambia? Ingine yote iko bien, iko sawa. Siku ya harusi uivae, wamama ya huku waone kazi yako."

Nilinyoosha pindo kwa mkono, machozi yananitoka, tukashona hadi gauni la binti likakamilika.

Ijumaa bibi harusi alitoka, na mama yake akajifunika uso kwa mtandio akalia kwa furaha. Shangazi mmoja wa binti akanishika mkono wa gauni, akauliza nani kashona hii. Kabla sijafungua mdomo, mama mkubwa alijibu.

"Ni yeye. Huyu iko fundi."

Yule shangazi ndiye mteja wangu wa kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, uliza kwanza unakokwenda kuna nini. Chukua kile kitakachofanya kazi, hata njiani kifanye kazi, na cha kutumia mwanzo kikae karibu na mkono. Usibebe usichoweza kukibeba mwenyewe, maana lori hukwama. Lakini ile nguo nzuri uliyoshona wewe, usiiache kitandani kwa kuogopa mzigo.

Mungu akufungulie njia, akurudishe na mfuko mtupu, kila kitu kimenunuliwa. Na siku ukiwa na wa kumfundisha, akujalie kuiona kazi yake kabla yeye mwenyewe hajaiamini. Haya, jitwike, uzunguke nyumba. Mimi nitakaa hapa nikucheke.