Kula ni Lazima

Enzi zetu pale Ujiji dunia nzima ilienea kwenye baraza la nyumba yetu. Wafanyabiashara wa Kikongo na Kirundi waliofuata dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi walifikia kwa jamaa zao mtaani kwetu, wakaja na watoto, nasi hatukuwa na simile: mashindano ya kimataifa ya chesi yakaanza.

Shirikisho tulikuwa nalo pia. Mwenyekiti alikuwa Ramadhani, mtoto wa jirani, aliyepata cheo hicho kwa sababu ubao ulikuwa wake. Aliachiwa na afisa mmoja wa serikali alipohamishwa. Farasi mmoja alikwishapotea, tukaweka kokwa la mchikichi mahali pake. Yule afisa alimfundisha namna kila kete inavyokwenda, kisha akaondoka, na yaliyobaki tukayajazia kwa sheria za drafti tuliyoijua wote. Kula ni lazima. Ukiona kete ya kula ukaiacha, umeshindwa.

Nayaona majioni yale kama niko ndotoni. Upepo wa ziwa, harufu ya dagaa, migebuka ikichemka kwenye mawese, na mama akipaza sauti kutoka uani: "Hao wafalme mnaowala hawajawashibisha tu? Njooni mle ugali!"

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Basi redio ilipotangaza kwamba shirikisho la taifa litachagua watoto wa kwenda kushindana nje ya nchi, baba mdogo akanipeleka Dar kwa treni. Njia nzima niliwaza ndege. Nilitaka kupanda ndege kuliko kitu chochote.

Nilishinda, nikashinda tena. Mchezo wa mwisho, binti mmoja wa mjini akaacha kete yake mbele ya malkia wangu. Mtego niliuona waziwazi: nikila tu, ngome yake inanimaliza. Lakini sheria ni sheria. Nikala, huku machozi yananitoka.

Mwamuzi, mama mmoja mpole, akainama. "Mwanangu, mbona unalia na umekula mwenyewe?"

"Shikamoo. Si ni lazima nile?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Shirikisho letu."

Hakucheka, Mungu ambariki. Ila ndege ikaondoka na yule binti.

Niliporudi nikawaambia wenzangu kwamba huko duniani mtu hula akitaka. Ramadhani akaitisha mkutano palepale barazani, Warundi na Wakongo wakiwemo. Tukajadili weee, mwisho akatoa uamuzi: "Basi dunia ndiyo imekosea." Tukaendelea kula kwa lazima, na kidonda changu kikapoa.

Siku hizi binti yangu anacheza chesi kwenye simu. Sheria zote anazijua, na akigusa pasipofaa simu inamkatalia. Vijana wa leo bwana, hata kukosea wamenyimwa! Juzi alimshinda mtu wa nchi ya mbali huko, nikamuuliza, "Anaitwaje?" Akashtuka, kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. "Mama, sijui. Ni namba tu."

Ameshachaguliwa, mwezi ujao anapanda ndege. Nimefurahi mno, nimelia. Mimi mpaka leo sijaipanda. Lakini usiku wa siku tuliyopata habari hizo, alipoinamia ile simu yake peke yake kimya chumbani, nilisimama mlangoni nikamwonea huruma.