Vita Alivyoviacha Khalil

Kaka yangu Khalil alizaliwa katika nyumba yetu ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na jeneza lake lilitoka nyumba hiyohiyo. Marehemu baba aliuza vitambaa. Serikali ilipofungua biashara ya nje na kompyuta za mtumba zikaanza kushuka kutoka Dubai, Khalil aliondoa majora chumba cha mbele, akapanga kompyuta za michezo.

Mchezo alioupenda ulitokana na filamu za wafalme, wachawi na majitu. Unajenga ngome, unalima, unakusanya jeshi, na mwenzako kwenye kompyuta nyingine anakusanya lake akuvamie. Mwenzake alikuwa Nilesh wa Upanga, rafiki yake tangu sekondari.

Adhana ikisikika, Khalil alivisimamisha vita. Majitu yalibaki yameinua marungu hewani, naye akaenda kutawadha.

"Muadhini wa majitu!" Nilesh alimtania. "Ukizidiwa tu, unasikia adhana."

"Subiri nisali. Nikirudi nakufukia na ngome yako."

Alhamisi ile alasiri alisimamisha vilevile, lakini Nilesh aliitwa dukani kwao. Wakauhifadhi mchezo kwenye kompyuta. "Vita vyako viko kwangu," Khalil akamwambia. "Kesho njoo uvichukue."

Jioni kifua kilimbana. Hakuiona alfajiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Kabla jeneza halijatoka, mjomba Abdulla alisimama barazani akatangaza kama ilivyo ada: mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze, au asamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani, tunasikiliza. Ndipo tukasikia sauti ya Nilesh:

"Mimi namdai. Mchezo mmoja. Hatukumaliza."

Mtu alicheka. Mwingine akafoka, "We Nilesh, masihara gani haya msibani?"

Hayakuwa masihara. Si dini yake. Hakujua kwamba kwa jambo dogo kama hilo watu hunyamaza tu wakasamehe moyoni. Aliona akinyamaza atakuwa amesema uongo mbele ya maiti.

Mama akauliza kutoka dirishani, "Alikuahidi?"

"Aliniahidi, mama. Alisema nije leo."

"Basi atalipiwa. Msimcheke."

Baada ya khitma, mama alimwita Nilesh chumba cha kompyuta, akaniketisha mimi kwenye kiti cha Khalil. Yeye akakaa pembeni na tasbihi yake. Siku zote yale majitu aliyaita mashetani, hakuwahi kuyatazama.

"Hawa wadogo wanafanya nini, Huda?"

"Ni watu wa Khalil, mama. Wanalima."

"Mashaallah," akasema taratibu.

Nilesh aliufungua mchezo uliohifadhiwa, akanionyesha pa kubonyeza, akaketi kwenye kompyuta yake. Jeshi lake lilikuwa limefika langoni kwangu, likasimama.

"Ingia," nikamwambia.

"Siwezi, Huda."

"Mwanangu," mama akasema, "usimwache na deni kaburini. Ingia."

Akaingia. Nilibonyeza huku na huku, wakulima wakakimbia ovyo, ngome ikaanguka. Kioo kikaandika kwamba tumeshindwa.

"Umemsamehe?" mama akauliza.

"Nimemsamehe, mama." Nilesh alifuta macho kwa kiganja, akaonyesha kona ya kioo. "Tazama nyuma ya ngome. Alinifichia farasi pale. Angenimaliza."

Nikawaona. Kikosi kizima, na wapandaji wao juu, wametulia. Mimi sikujua kama wapo, na hakuna aliyewapa amri.

Mama aliwatazama kitambo. Kisha akaniambia nizime, na midomo yake ilikuwa imeshaanza kumwombea mwanawe.